Kabla Joto Halijapanda

Mashine ilikuwa imeachama, na Bi Pasi alikuwa amesimama mbele yake na jezi ya kijani mikononi, akingoja. Kwenye kidirisha kidogo cha pembeni tarakimu nyekundu zilipanda, zikasita, zikapanda tena kwa uvivu. Hakuiweka jezi. Hata hatua hakusogea.

"Weka basi, dada," alisema Mkasi kutoka meza ya pili, bila kuinua macho. "Imebaki kidogo tu."

"Kidogo siyo kufika."

"Ungekuwa mpishi wewe, watu wangelala njaa."

"Wangelala njaa, lakini wasingeumwa tumbo."

Mashine ikalia. Bi Pasi akaitandaza jezi, akailainisha kwa viganja viwili kama mtu anayemfuta mtoto mgongo, akaweka namba saba ya plastiki nyeupe mahali pake, akafunika na karatasi, kisha akaushusha mkono wa mashine kwa uzito wa mwili mzima. Alihesabu kimoyomoyo. Alipoinua na kubandua karatasi ya juu, namba ilikuwa imeshika kitambaa kana kwamba jezi ilifumwa nayo.

Jina la Bi Pasi alipewa na wateja, na chanzo chake ni mashine hiyo. Wale waliomjua zamani walikumbuka kwamba mwanzoni alikuwa na haraka kama watu wengine. Halafu siku moja timu fulani ilitoka mapumziko na jezi zake, na kipindi cha pili hakijafika katikati namba zikaanza kuning'inia migongoni kama ndimi za mbwa. Refa akamwandikia kadi mtu asiyehusika. Watu walicheka wiki nzima, naye aliona aibu iliyomwingia mifupani. Tangu hapo akajiwekea sheria moja: joto kwanza, kitambaa baadaye. Sheria hiyo ilimpa wateja, ikampa jina, na ikamzoesha kuamini kwamba hakuna jambo duniani lisilopona likingojewa mpaka joto lifike.

Aliitundika jezi, akavua aproni.

"Natoka kidogo."

"Tena?" Mkasi aliinua kichwa. Alikuwa msichana mwembamba, hodari wa kukata namba na herufi, na ulimi wake ulikata vilevile. "Si juzi tu ulitoka?"

"Jino."

"Hilo jino lako mizizi yake inafika kisigino."

Bi Pasi alicheka, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka. "Usiiguse mashine."

"Nimewahi kuigusa?"

Hakuwahi, kweli. Hakuna aliyeruhusiwa.

*

Hakukuwa na jino. Kulikuwa na kliniki ya wanawake, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na kulikuwa na mwili wa Bi Pasi ambao tangu usichana haukuwa na ratiba. Wenzake walijua siku zao kama wajuavyo siku ya mshahara. Yeye zake zilikuja zikitaka, zikakaa zikitaka, na mara nyingine zilipotea kabisa mpaka akasahau kama alikuwa nazo. Daktari alimweleza bila kumzungusha: mayai yapo, ila hayakomai kwa wakati, na mengine hayatoki kabisa. Akampa vidonge vya kuyaamsha, vya kumeza siku chache mwanzoni mwa mzunguko, na kipimajoto cha kuweka chini ya ulimi kila asubuhi kabla hajainuka kitandani.

Sasa alikuwa kwenye dozi ya mwisho. Daktari alikuwa amesema vidonge hivyo havimezwi milele. Hii ikipita bure, watakaa upya waangalie njia nyingine, ngumu zaidi na ndefu zaidi, ambayo Bi Pasi hakuwa na uhakika kama moyo wake ungeiweza. Hayo alikuwa ameyaweka kifuani pake na kwa mumewe tu.

Mpiga picha za tumbo alikuwa mama mnene mwenye mikono ya upole. Aligeuza kioo ili Bi Pasi naye aone. Katikati ya ukungu wa kijivu kulikuwa na duara jeusi, safi, kama tundu la kitufe.

"Hiki hapa kifuko chako cha yai. Kimekua vizuri. Karibu kabisa."

"Karibu kabisa vipi?"

"Sista atakueleza. Vaa taratibu, mwanangu."

Sista alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama paa la jirani. Aliisoma karatasi ya picha, akatabasamu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Pasi wazi namna hiyo.

"Na nyumbani, huwa mnakutana lini?"

Bi Pasi alijiweka sawa kitini. Hapa alijua hana wasiwasi. Kazi hii aliifanya kwa uangalifu kuliko zote. "Napima kila asubuhi, sista. Sijaruka hata siku moja. Joto likiwa chini tunatulia. Likipanda tu, namwambia mume wangu, leo ndiyo leo."

"Na kabla halijapanda?"

"Kabla halijapanda simruhusu. Yeye fundi wa mafriji, anasafiri sana, anarudi amechoka. Nikaona tusipoteze nguvu bure wakati kipimo kipo."

Sista aliiweka kalamu mezani polepole. Hakukunja uso, na kwa hilo Bi Pasi alimshukuru baadaye. Alivuta kiti chake kikazunguka meza, wakawa bega kwa bega.

"Mdogo wangu, nisikilize. Kile kipimajoto hakikwambii yai linakuja. Kinakwambia yai limekwisha kutoka. Joto hupanda baadaye. Na yai likitoka halikai. Siku haiishi, limekwisha. Mbegu za mume ndizo zinazoweza kukaa zikingoja. Kwa hiyo yeye ndiye anayetakiwa kutangulia."

Nje, juu ya paa la jirani, mtu alikuwa anagonga msumari. Bi Pasi alisikia kila pigo.

"Kila mwezi daktari alifurahi," alisema hatimaye. "Nilimwambia joto limepanda, akasema vizuri sana."

"Alifurahi kwa sababu ilionyesha vidonge vimefanya kazi, yai limetoka. Hicho ndicho kipimo chenyewe alichokitaka. Lakini kuhusu kukutana, hakukwambia mwanzoni?"

Alimwambia. Sasa ilimrudia, na sauti ya daktari nayo: msingoje siku moja, kutaneni mapema, mpumzike siku, mkutane tena. Aliyasikia yote. Kisha akarudi nyumbani na kuyapanga upya kwa namna yake, kwa sababu mikono yake ilikuwa na elimu yao: joto kwanza, kitambaa baadaye. Akakumbuka usiku ambao mumewe alimgusa bega akamwambia, bado, haijapanda. Akakumbuka mumewe alivyogeukia ukuta na kunung'unika kwa utani ambao haukuwa utani wote: "Siku hizi nimekuwa fulana ndani ya nyumba yangu."

Machozi yalikuja. Alianza kujilaumu, akajisikia anajilaumu, akaacha. Kulikuwa na duara jeusi kwenye ile karatasi na lilikuwa halimngoji amalize kulia.

"Kwa hiyo sasa?" aliuliza, akijifuta kwa mtandio.

"Sasa umewahi," alisema Sista. "Kwa picha hii, anzeni leo. Kesho pumzikeni, keshokutwa tena, mpaka hicho kipimajoto chako kipande. Kikipanda, wewe ndipo upumue."

"Na uhakika?"

"Uhakika sina. Ningekuwa nao ningekuwa nauza. Nafasi ndiyo unayo, na ni nafasi nzuri."

"Nafasi inanitosha," alisema Bi Pasi, akasimama.

*

Alimpigia mumewe kutoka ngazini. Hakupatikana. Akiwa ndani ya chumba cha baridi, katikati ya kuta nene za bati na sponji, hata radi isingempata. Lakini ratiba yake aliijua: kesho alfajiri anaondoka na gari la kampuni kwenda mji mwingine kufunga mashine za ghala la samaki, na huko atakaa siku kadhaa. Maana yake ilibaki leo. Na leo ilikuwa na mlima wake.

Mlima wenyewe ulikuwa umekaa sebuleni, kitambaa cheupe kimefunika jicho moja, ukisikiliza redio.

Shangazi wa mumewe alikuwa amekuja kutibiwa macho. Jicho la kwanza lilikwisha fanyiwa upasuaji, la pili lilikuwa linangoja zamu. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule, na kwa heshima yake walimpa chumba na kitanda, wao wakatandika godoro sebuleni. Choo kilikuwa upande wa sebule. Shangazi hakuwa na usingizi mrefu. Kila alipotoka chumbani, alipita kando ya vichwa vyao akipapasa ukuta na kusema, "Laleni, laleni, ni mimi tu." Katika hali hiyo, hata kushikana mikono kulitaka ujasiri.

Njiani Bi Pasi alitunga visingizio. Chumba kina kunguni. Chumba kinapigwa dawa. Dari linavuja, ingawa mvua haijanyesha tangu mgeni afike. Alivigeuza kimoja kimoja, vyote vikamchosha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Wamelitoa hilo jino?"

Bi Pasi alipunguza sauti ya redio, akaketi kwenye ncha ya kochi. Kumwomba mzee wa mumewe atoke kitandani alikolazwa na familia lilikuwa jambo ambalo angemcheka mtu mwingine kama angelifanya.

"Shangazi, jino sina. Naenda kliniki. Tunatafuta mtoto, mimi na mwanao, na mwili wangu unahitaji dawa na unahitaji siku. Siku yenyewe imefika, ni leo. Naomba chumba."

Shangazi alipapasa kitambaa cha jichoni, akakirudisha palepale.

"Chumba kipi?"

"Cha kulala."

"Hiki mlichonilazia kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, Shangazi?"

"Mwanangu, kile kitanda ni uji. Nikilala nazama, nikiamka natafuta pa kushika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Tangu usiku wa kwanza natamani lile godoro lenu gumu, nikasema nitulie, nisije nikaitwa mgeni mkorofi." Aligeuza lile jicho moja zima, likamwangalia Bi Pasi vizuri. "Na ninyi mmelala chini siku zote hizi kwa ajili ya heshima yangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Heshima hiyo imetuumiza migongo watu watatu."

Walianza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha hovyo, mpaka Shangazi akashika jicho akilalamika kwamba mishono itafumuka. Bi Pasi aliingia chumbani papo hapo, kabla mtu hajabadili mawazo. Alitoa mto wa mgeni, chupa zake za dawa ya matone na kanzu zake za kulalia, akavipanga sebuleni karibu na ukuta ambako mkono wake ungevifikia. Akabadilisha mashuka.

"Na chooni sasa ni hatua mbili tu," alisema Shangazi kutoka sebuleni. "Simpiti mtu. Halafu usiku nitaiongezea redio sauti."

"Shangazi!"

"Nini? Mimi napenda taarifa ya habari."

*

Aliporudi karakana, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Jezi za kijani zilining'inia kwenye kamba, nyingine zina namba, nyingine migongo mitupu. Kocha alikuwa amepiga simu mara mbili kuulizia. Alikuwa anazijia kesho mchana.

Bi Pasi alivaa aproni, akawasha mashine, akasimama kungoja. Tarakimu zilipanda. Alizitazama kwa jicho jipya, bila chuki. Hazikuwa zimemdanganya, kwenye jezi zilisema kweli kila siku.

"Mkasi."

"Naam."

"Keshokutwa sitakuwepo. Labda na siku ya pili yake."

"Jino?"

"Siyo jino."

"Najua siyo jino," alisema Mkasi, akipuliza vumbi la plastiki mezani. "Hakuna jino linalomfanya mtu ameze vidonge akiwa amejificha nyuma ya marobota ya vitambaa. Mimi nilinyamaza tu. Nilisema siku akitaka kuniambia, ataniambia."

Bi Pasi hakumwambia yote, lakini alimwambia ya kutosha. Mkasi alisikiliza bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake.

"Njoo hapa," alisema Bi Pasi mwishoni. "Kesho nitakusimamia. Keshokutwa utaifanya peke yako."

Msichana aliangalia mashine, akamwangalia yeye. "Hii?"

"Kwani kuna nyingine? Utangoja joto lifike?"

"Nitangoja mpaka niote mvi."

Walibandika pamoja, Mkasi akishusha mkono wa mashine, Bi Pasi akiwa ameweka kiganja mgongoni kwa msichana, kisha akakiondoa. Namba ya kwanza ilikaa upande kidogo. Ya pili ilinyooka.

Walikuwa wamefikia jezi ya kipa, ya njano, ya tatu kutoka mwisho, wakati mlango uliposukumwa na hewa ikabadilika. Mumewe alikuwa na mazoea ya kuingia na ubaridi wake. Koti zito lilikuwa begani, ncha za vidole nyeupe, harufu ya barafu na samaki imemganda nyweleni. Mtaani walimwita Barafu, naye hakuwahi kukataa.

"Nimeona simu zako," alisema. "Umenipigia kama mtu anayedai. Kuna nini?"

Mkasi alikumbuka ghafla kwamba anahitaji maji ya kunywa, akatoka nje bila kikombe.

Bi Pasi alimweleza. Hakuanzia mbali. Alimwambia habari ya kifuko, akamkumbusha ya dozi ya mwisho, akafika kwenye joto. "Nilikuwa nakuzuia siku zilizokuwa zenyewe. Nikakuita siku ambazo yai limeshakwenda zake. Ni mimi niliyekosea, siyo daktari."

Barafu alivuta kigoda akaketi. Alisugua viganja, kama afanyavyo akitoka kazini, muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Miezi yote hiyo," alisema.

"Miezi yote hiyo."

"Ajabu," alisema mumewe taratibu, akiitazama mashine. "Kwako joto likipanda ndipo kazi inaanza. Kwangu mimi joto likipanda, maana yake nimechelewa, samaki wameharibika. Ungeniuliza tu mimi fundi wa mafriji, ningekwambia."

Bi Pasi alimwangalia kuona kama ni lawama. Pembe za macho yake zilikuwa zimekunjamana kwa tabasamu.

"Kwa hiyo zile siku nilizokuwa naomba..." aliendelea.

"Ulikuwa sahihi."

"Sikusikia. Baridi imeniziba masikio. Rudia."

"Sirudii."

"Siku moja katika ndoa hii nimekuwa sahihi, na hairudiwi!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini kesho alfajiri naondoka. Na leo Shangazi..."

"Shangazi analala sebuleni."

"Sebuleni? Nani kamwambia?"

"Mimi."

Barafu alikuwa amemjua mke huyu miaka mingi, na hakuwa amewahi kumwona akimwomba mzee hata chumvi.

"Kuhusu kesho, nenda," alisema Bi Pasi. "Kesho ni ya kupumzika. Keshokutwa nakuja huko kwa basi la asubuhi."

"Huko? Tunalala kwenye vyumba vya nyuma ya ghala. Harufu peke yake inaweza kukusukuma urudi."

"Kitanda kipo?"

"Kipo."

"Mlango unafungwa?"

"Komeo lake bovu. Lakini mimi fundi."

"Basi litengeneze."

Barafu alisimama, akatundika koti lake vizuri begani. "Twende?"

Bi Pasi aliitazama jezi ya kipa. Ilikuwa imelala kifudifudi mbele ya mashine, mgongo wake mtupu, namba moja imekatwa tayari pembeni yake. Tarakimu nyekundu zilikuwa zimebakiza kidogo sana kufika. Katika miaka yote ya karakana hiyo hakuwahi kuondoka na kazi iliyokwisha tandazwa. Angengoja. Lingekuwa jambo la dakika chache tu, kisha mbili zile zilizobaki, kisha kufagia, kisha kufunika mashine ikishapoa, na huo ndio mlango ambao siku zake zilikuwa zikipotelea.

Alinyoosha mkono akaizima.

"Mkasi!" aliita. "Maji hayajaisha tu?"

Msichana alichungulia mlangoni haraka mno kwa mtu aliyekuwa mbali.

"Mashine bado ya moto. Ikipoa uifunike, ufunge mlango. Hizi tatu tutazimalizia kesho asubuhi, wewe ndiye utakayezibandika."

"Na ya kipa unaiacha hivyo hivyo? Haijawekwa namba?"

"Kipa hakimbii. Atangoja."

Aliivua aproni, akaiacha juu ya kigoda kilichokuwa bado na ubaridi wa mumewe. Nyuma yake, kwenye kidirisha, tarakimu zilianza kushuka moja moja. Barafu alikuwa amekwisha kumshikilia mlango.